Nyamizi wa Igowole na Nyumba Iliyorukwa

Alizaliwa mwaka 1971 katika familia ya wafugaji wa Kisukuma, binti wa mzee Seni, aliyehamisha ng'ombe wake kutoka Shinyanga hadi tambarare za Usangu mtoto angali mgongoni mwa mama yake. Huko Usangu alibatizwa Yudith, lakini jina la nyumbani, Nyamizi, ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Aliolewa na Tadeo, mpasua mbao wa Mafinga, wakajenga Igowole. Kanisa halijatamka neno lolote juu yake, nami siwezi kulitangulia Kanisa. Nasimulia tu yale ambayo waamini wa Igowole huyasema kwa sauti ya chini.

Wito wake haukuwa wa utawa. Alisema Mungu alimwita kusali na majirani, kazi aliyoiona ngumu kuliko kusali jangwani, maana jangwani hakuna jirani wa kukuchosha. Katika Jumuiya ya Mtakatifu Ana walifunga pamoja kila Ijumaa, na chakula walichojinyima wakakipeleka Jumamosi alfajiri kwenye nyumba yenye zamu, wakasali rozari humo. Anayeongoza husema nusu ya Salamu Maria, wengine huitikia nusu ya pili. Nyamizi alishikilia jambo moja bila kulegea: zamu isiruke nyumba ya mtu.

Mwaka 2016 Samwel, mtoto wa Gideoni mwenyekiti wa jumuiya, aliangukiwa na mti wa paini akafa. Watu wakamnyooshea kidole Bibi Eveline, mjane aliyeishi ukingoni mwa shamba la miti, wakasema ni mchawi. Zamu ilipofika kwake wakairuka. Tena wakapatana kwamba Jumamosi ileile wangekwenda kumtoa na kuichoma nyumba yake. Inaniuma kuandika hivi, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamefunga siku iliyotangulia. Gideoni alimwonya Nyamizi asijiingize.

"Pale hatuendi kusali, mama. Ukienda, utasali peke yako."

"Nitasema sehemu yangu," akajibu Nyamizi. "Ya kwenu nitawaachia."

Alfajiri hiyo ukungu ulikuwa umelala hadi chini. Gideoni na wenzake walifika mlangoni kwa Eveline na dumu la mafuta ya taa, wakasimama. Ndani, Nyamizi alisema nusu yake, akanyamaza. Ndipo watu wengi wakaitikia. Wale wanaume walidhani kuna waliowatangulia, mpaka Masumbuko, jirani wa Gideoni, alipoitambua sauti yake mwenyewe. Gideoni naye akaisikia ya kwake, pamoja na kile kikohozi chake cha vumbi la mbao, ikisema "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Wakatazamana midomo. Yote ilikuwa imefumbwa. Kisha, katikati ya zile sauti, Gideoni akasikia ya mwanawe Samwel, taratibu, haina kinyongo.

Aliliweka dumu chini, akasukuma mlango. Mkekani walikuwapo wanawake wawili tu. Nyamizi hakugeuka.

"Karibuni," alisema. "Tumefika fumbo la tatu."

Wakapiga magoti. Baadaye Bibi Eveline aliapa kwamba yeye hakusikia kitu. Kila baada ya nusu ile ya kwanza palikuwa kimya tu, naye Nyamizi akingoja.

Hakuna aliyemgusa Eveline tena. Nyamizi alipofariki mwaka 2021 kwa ugonjwa wa kifua, Eveline ndiye aliyemwosha, na Gideoni alishika jeneza. Huyo Gideoni hakosi zamu hadi leo. Wenzake humtania kwamba huitikia mapema mno, kabla kiongozi hajamaliza. Hacheki. Anasema anaogopa asije akawahiwa tena na sauti yake mwenyewe.

Ndugu waamini, tumwige mama huyu. Kila mmoja wetu anaijua nyumba anayoiruka. Huenda sauti yake mwenyewe iko humo tayari inasali, nao waliomo wanamngoja yeye.