Wachungaji wa Vitofali

Maziwa yakifurika na kuungulia jikoni, mimi hufungua dirisha, hata kama nje kuna baridi ya kukata masikio. Watu ninaoishi nao hudhani nachukia moshi, nami nawaacha wadhani hivyo. Lakini ninyi nitawaambia: harufu ile hunirudisha kwenye ghorofa moja la zamani katikati ya Johannesburg, juu ya zulia lililochakaa kando ya hita, nikiwa na miaka tisa na kikombe cha chokoleti ya moto mkononi.

Tulikuwa familia mbili katika nyumba moja. Sisi tulitoka Bukavu, akina Sifa walitoka Uvira, na katikati palikuwa na pazia ambalo Mama Sifa, fundi cherehani, alilishona kwa mabaki ya vitambaa. Siku walipohamia, mama yangu alinishika mkono, akanipitisha upande wa pili wa pazia, akanionyesha msichana mwembamba aliyekalia begi. "Aline, huyu ni dada yako sasa," akasema. "Unakula, naye anakula." Nilikuwa mtoto wa pekee, nikalichukua neno lile kama lilivyo. Mama alipenda kusema kuta zina masikio, na kwa kuwa ukuta wetu ulikuwa pazia, mimi na Sifa tulisikia siri zote za nyumba ile. Angalau ndivyo nilivyoamini.

Sifa alikuwa na ndoo ya vitofali vya plastiki, vile vya kubananisha kimoja juu ya kingine, alivyonunuliwa kwa mchuuzi wa barabarani. Havikuwa na sanamu ya mtu hata mmoja. Kila majira ya baridi tulijenga navyo pango la Noeli. Najua mnacheka. Lakini vitabu vyote vya shule vilionyesha Noeli ya watu waliovaa kofia za sufu, na kwetu Desemba ilikuwa joto la kutoa jasho kanisani. Basi tukakata shauri kwamba Johannesburg ilikuwa imekosea mwezi, tukaihamishia Noeli Julai. Kitofali cha bluu kilikuwa Maria, cha kahawia Yosefu, cha kijivu punda. Vyeupe walikuwa kondoo, na vya kijani wachungaji wao. Mtoto Yesu alikuwa kitofali kidogo cha njano, na sheria ilikuwa kwamba hawekwi pangoni mpaka chokoleti ya moto imeletwa.

Chokoleti yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa maji yaliyotiwa rangi. Mama Sifa alitia kijiko kimoja cha unga katika sufuria nzima, akatuambia tunywe haraka kabla ulimi haujagundua. Tuliinywa kwa kelele, midomo ikiungua, na hadi leo sijaonja kinywaji kilichonipendeza vile.

Jumamosi moja ya Julai mambo yalikuwa mengine, nami sikuona. Mama Sifa, ambaye kwa kawaida alisimulia hadi cherehani ikasimama, siku ile hakusimulia chochote. Alichemsha maziwa halisi, pakiti nzima, akayasahau yakafurika, akafuta jiko bila kulalamika, kisha akatujazia vikombe pomoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini ni mtoto gani anawakumbuka wahenga akiwa na chokoleti ya maziwa? Mama yangu naye alikaa nasi, wakati Jumamosi ndiyo siku ya wateja wake saluni. Alikunywa akitazama ndani ya kikombe.

Sifa alimweka Yesu wa njano mahali pake. Kisha akamtoa tena, akamtoa na Maria, na Yosefu, na punda, akawapanga nje ya pango wakielekea mlangoni.

"Eish, Sifa, unaharibu," nikamwambia.

"Aline, minauliza. Wakati Yosefu alikimbilia Misri, aliaga bale bachungaji?"

"Sifa, kunywa," mama yake akasema upesi.

Mimi ningejuaje? Shule ya Jumapili haikutufundisha hilo. Nikawarudisha wote pangoni. Sifa hakubisha, na yeye alikuwa mbishi kweli kweli.

Kesho yake mama aliniwahisha kanisani, akasema akina Sifa watatufuata. Kanisa letu lilikuwa ghorofani, katika ukumbi uliowahi kuwa duka la samani. Mama aliimba kwaya mbele, nami nikaweka begi langu kwenye kiti cha pembeni kumshikia Sifa nafasi. Ibada ilipokwisha, begi lilikuwa bado limekaa.

Tuliporudi, pazia lilikuwa limefunguliwa. Cherehani, magodoro, masanduku, hakuna hata kimoja. Ndoo ilikuwa upande wetu, na pango lilisimama tulivyoliacha, kondoo na wachungaji wote wakitazama ndani. Ndani hamkuwa na mtu. Nilikuwa bado sijaelewa, nikalia kwanza kwa sababu ya wizi.

"Mama, Sifa ameiba Yesu!"

"Balienda Kanada," mama akasema, akianza kukunja pazia. "Kesi yao ya ukimbizi iliitikiwa tangu Pasaka."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na Sifa?"

"Alijua. Safari ya bulaya haisemwe kwa mutu, Aline. Ukitangaza, banaifunga."

Ndivyo watu wetu wanavyosafiri kwenda ng'ambo. Mtu akipata njia hufunga mdomo mpaka ndege itue, kwa kuogopa mwenye kijicho asije akairoga safari. Lakini tangu Pasaka tulikuwa tumesukana nywele na kulala chini ya blanketi moja, na muda wote huo alijua. Alipopiga simu kutoka huko kwenye theluji, nilikataa kuongea naye.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Sifa alikuwa amekatazwa kusema, akasema kwa vitofali, mbele ya mama wawili, na kesho yake akachukua wale waliokuwa wanasafiri, akaniachia waliobaki. Ile ndiyo kwaheri aliyoweza. Naye tumeshazungumza, tumeshalia, yameisha.

Ya mama hayajaisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Sababu zake nazijua zote, naweza kumtetea mbele yenu, na bado zinaniuma. Maana wachungaji wale hawakujipeleka Betlehemu. Malaika ndiye aliyewaamsha akawaambia waende wakamwone mtoto, na familia ile ilipoondoka hakurudi kuwapa habari. Mimi malaika wangu ndiye aliyenipitisha pazia akaniambia huyu ni dada yako. Jumapili ile alisimama safu ya mbele ya kwaya, macho yake yakiliona begi langu juu ya kile kiti, naye akaimba mpaka mwisho.