Ngazi za Udongo Nyuma ya Nyumba

Jana mjukuu wangu alikuwa anakandika jiko, na ile harufu ya udongo wa kichuguu uliolowa ikanirudisha nyuma ya nyumba yetu, siku baba alipomaliza bwawa la samaki. Maduka ya Sumbawanga yalikuwa yameanza kujaa vitu tena, hata nailoni ya kutandika bwawani ilikuwepo, lakini sisi tulitumia udongo. Ng'ombe wa jirani yetu Msukuma waliukanyaga mpaka ukawa laini kama ugali wa ulezi, nasi tukaupaka bwawa zima.

Mama akakataa maji ya mfereji yasiingie. Mdogo wetu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea.

"Baba watoto, hili bwawa au kaburi?"

"Si nimekata ngazi?"

"Za miguu yako. Tuone."

Mama akamketisha mtoto chini kabisa, kwenye bwawa kavu, akapanda peke yake. Mtoto akalia. Nikataka kumfuata, mama akanishika gauni.

"Mwache. Siku akitumbukia hutakuwepo."

Mtoto akatambaa hadi ngazi ya kwanza, akashindwa, akaanguka chali.  Baba alichukua jembe, akazikata upya ngazi zote, fupi fupi, akazipaka udongo na kuulainisha kwa kiganja. Mama akamrudisha mtoto chini.

Safari hii alipanda, tumbo lote tope, mpaka akashika kidole cha mguu wa mama.

"Haya," mama akasema, akimnyanyua. "Fungua mfereji."