Fundi Dirisha na Kitufe cha Funga

Mtaani walimwita kaka yangu Fundi Dirisha. Jirani mmoja aliwahi kumletea vipimo vya dirisha la jikoni kwenye karatasi. Kaka akacheka mpaka akaketi chini. Madirisha yake yalikuwa ya kwenye kompyuta: visanduku vya kujaza majina na vitufe vya kubofya. Aliyaandika kwa lugha nyepesi ya kompyuta, ambayo ukiandika mstari unaujaribu papo hapo. Ilimfaa, maana figo zilikuwa zimemwishia nguvu, hawezi kukaa kitako zaidi ya nusu saa.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya zahanati alikotibiwa: programu ya kutunza faili za wagonjwa. Mkuu wa zahanati alisema wazi kwamba ikisumbua katika wiki mbili za majaribio, wanarudi kwenye madaftari. Kaka aliomba usiku na mchana ibaki. Mimi, Mungu anisamehe, niliomba apumzike tu.

Siku ya pili ya majaribio karani wa faili, mama mtu mzima, akaja nyumbani, miguu imemvimba.

"Mwanangu, dirisha lako linakula wagonjwa. Nimeandika kumi na wanne, hayupo hata mmoja."

"Ulibofya wapi, mama?"

"Pale palipoandikwa Funga. Nikimaliza faili si nalifunga?"

Kaka akafumba macho. Kwake, Funga ilikuwa kufunga dirisha uondoke. Mama yule, kwa miaka thelathini, amefunga faili kwa kamba na kulirudisha kwenye rafu. Kufunga kwake ni kuhifadhi.

"Kosa ni langu, mama. Nilikuwa naijaribu peke yangu."

"Usijali, baba. Marehemu mume wangu nilimwambia afunge mlango, akaufunga akiwa nje."

Nikampangia kaka mito mgongoni. Ilimchukua siku tatu, nusu saa nusu saa. Funga akaigeuza kuwa Hifadhi Faili. Na mtu akitaka kutoka, dirisha dogo linamuuliza: "Unataka kuondoka?" Majibu mawili, Ndiyo na Hapana. Nikamwambia kaka kwamba yule mama hajawahi kumwambia mtu hapana. Akaifuta Hapana, akaandika Bado.

Mungu alimchukua kaka wiki iliyofuata.

Baada ya mazishi nilikwenda kurudisha kadi yake ya matibabu. Foleni ilifika mlangoni.

"Wamekubali ibaki," karani akaniambia. Kisha akasogeza kiti. "Ila faili lake mimi siwezi. Mkono unakataa. Andika wewe, mwanangu."

Nikatafuta jina lake, nikaandika "amefariki" na tarehe, nikabofya Hifadhi Faili. Nilipotaka kutoka, dirisha dogo likaniuliza kama nataka kuondoka.

"Vipi, limekwama?" akauliza nyuma yangu.

"Hapana, mama. Linafanya kazi."

Nikabofya Bado. Nikainuka, nikampisha akae, akamwita mgonjwa aliyefuata.