Mpeleka mizigo wa Merkato na 'bure' inayoishia barabarani

Saa mbili asubuhi. Mulatu Getaneh anafunga vifurushi kwenye pikipiki yake, nje ya duka la mtandaoni katika soko kubwa la Merkato. Mama mmoja asiyemfahamu anatokea na kusimama mbele ya gurudumu, viatu vimejaa tope.

"Wewe ndiye uliyenipigia simu," anasema. "Sauti naijua. Ulisema bure ni birr mia nne."

Ni Etagegn, ametoka Sebeta, nje ya jiji, kwa basi. Aliagiza netela, mtandio mweupe wa kufumwa, kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake wa kike. Tangazo lilisema usafirishaji ni bure. Maandishi madogo chini yake yalisema bure hiyo inaishia kwenye barabara inayozunguka jiji. Juzi Mulatu alipomtajia nauli, mama alikata simu, na netela ikarudishwa kwa mfumaji.

"Mama, mimi napeleka tu," Mulatu anajibu.

"Na kusema je? Si unasema pia?"

Kutoka ndani, mwenye duka, Biruktawit, anamwambia mama kwamba netela nyingine itafika dukani Ijumaa jioni.

"Ubatizo ni Jumapili alfajiri," Etagegn anasema. "Mtoto wa kike hubatizwa siku ya themanini, na haisogezwi, binti yangu."

Mulatu anakaza kamba. "Jumamosi nitakuletea mwenyewe. Hutatoa hata senti."

"Gashe Mulatu," Biruktawit anacheka, akimwita kwa heshima ya mwanamume mkubwa kwake, "Sebeta kwa mafuta ya nani? Jumamosi mizigo imejaa. Ukienda huko, njia ya Bole nampa mwingine."

Njia ya Bole ndiyo inayompa nusu ya kipato chake. Mulatu, mwenye miaka hamsini na mitatu, hulipwa birr 120 kwa kifurushi, na mafuta hujinunulia.

"Tangazo linaandikwa na wengine," anasema. "Anayekutana na uso wa mtu mlangoni ni mimi."

Miaka minane iliyopita alikuwa akiuza vitambaa katika duka la baba yake, mitaa miwili kutoka hapo, kabla jengo halijabomolewa. Anapolizungumzia, mikono yake hujikuta ikikunja kitambaa kisichokuwepo. Wateja waliketi, kahawa ikazunguka, wakabishana bei hadi sauti zikakauka. Walipoafikiana, baba aliongeza kipande juu ya kile kilichopimwa. Nyongeza hiyo waliiita mirikat.

"Baba hakuitangaza hata siku moja," anakumbuka. "Ukiiomba mapema, ananuna. Ilikuja mwisho, watu wameshakubaliana, na mteja anaondoka akicheka. Siku hizi bure inatangulia, gharama inakusubiri mlangoni."

Anaweka akiba ya kibanda cha vitambaa huko Shiro Meda, karibu na wafumaji. Amepata kama robo ya kodi. "Nitaandika bei moja tu, na nauli ikiwa ndani yake. Anayeona ghali aniambie usoni, tubishane kama zamani."

Jumamosi, saa tisa mchana, mvua inanyesha Sebeta. Mulatu anazima pikipiki mbele ya geti la bati. Asubuhi hiyo mwenzake ameshaondoka na mizigo ya Bole.

Etagegn anatoka na noti mkononi. "Mafuta basi, mwanangu. Umelowa chapachapa."

Mulatu anafungua koti na kutoa kifurushi alichokificha kifuani, kikavu.

"Rudisha hela ndani, mama. Pokea kwanza, netela isilowe."