Mimi, Sufuria ya Tangawizi na Posa ya Dada

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza nilikuwa sijanawa uso. Nawaambia hili mapema, nyie wadogo wa darasa la tano mnaodhani sisi wakongwe tulizaliwa tumeiva. Ilikuwa asubuhi ya baridi nyumbani kwetu Chapwa. Malori yamejipanga kusubiri kuvuka mpaka wa Zambia, vumbi limeingia hadi kwenye kopo la chumvi, na nyumba nzima inakohoa kwa zamu. Dada Atupele, aliyekuwa Mpika Dawa wa familia tangu mimi nikitambaa, alikuwa amepata mchumba, fundi matairi wa malori, na akili yake ilikuwa imehamia gereji. Ndipo Mama, ambaye humu nitamwita Mkuu wa Kituo, akanikabidhi mchi.

"Leo wewe ndiye wa dawa."

"Mama, mimi mwanaume."

"Kwani mafua yanauliza?"

Usaili uliishia hapo. Nikaajiriwa.

Tunaposema dawa hatumaanishi vidonge. Ni kinywaji cha moto cha tangawizi, mchaichai, karafuu, limao na asali, vitu ambavyo jiko lolote linavyo. Tangawizi mbichi huoshwa, kisha hukwanguliwa ganda kwa kijiko. Usitumie kisu, kinaondoka na nyama. Halafu huingia kwenye kinu, na hapo usiweke uso karibu kama bado unayapenda macho yako. Baada ya kutwanga huja kutokosa, yaani kuchemsha taratibu kwa moto mdogo mpaka maji yabadilike rangi. Mimi siku ile nilitokosa sufuria ikiwa wazi.

"Funika!" Mkuu wa Kituo alifoka. "Mvuke wote ukitoka nje, atapona jirani!"

Nikafunika. Kisha nikamimina asali dawa ikiwa bado inatokota, akanitazama kama nimemwangusha mtoto wa mtu.

"Asali husubiri dawa ipoe kidogo, ndipo inaingia. Nyuki wameshafanya kazi yao, wewe unataka kuipika upya?"

Nilihudumu kituo cha Chapwa kwa uaminifu. Niliwatibu majirani, niliwatibu madereva wa Kizambia waliokuja wanatusalimia kwa lugha yao "Mulishani, mwana" na kuondoka wanapenga kamasi kwa furaha. Sifa zangu zikapanda mlima, maana likizo ilipofika nilihamishiwa Mbebe pamoja na Dada, kwa Bibi, kule Ileje ambako ukungu huamka kabla ya jogoo. Bibi alikuwa amekaukiwa na sauti. Akifungua mdomo ilitoka hewa tu, kama tairi la baiskeli.

Kwa bibi mwingine hilo lingekuwa pumziko la familia nzima. Lakini Bibi huyu ni Mkurugenzi Mkuu. Tangu Babu afariki, posa ya binti wa nyumba ile hujibiwa kwa mdomo wake, kwa sauti, watu wote wasikie. Na mshenga wa yule fundi matairi alikuwa anakuja Jumamosi, kwa mara ya pili. Mara ya kwanza Baba Mkubwa alimrudisha kwa kisingizio cha mvua. Kwetu, mshenga akiondoka mara mbili bila jibu, ameshajibiwa: hapana.

Baba yetu alikuwa na lori huko Zambia, kama kawaida yake, kwa hiyo aliyebaki na ubavu wa kusema ni huyo huyo Baba Mkubwa. Yeye ana rafiki yake mwenye ng'ombe, mzee aliyekwisha kung'oka meno ya mbele, ambaye alimwona Dada kwenye msiba na hajapoa mpaka leo.

"Si Bibi atatikisa kichwa tu?" nilimuuliza Baba Mkubwa.

"Hata mbuzi anatikisa kichwa," alinijibu huku akichokonoa meno. "Mama asipokuwa na sauti, tunaahirisha."

Nikaingia kazini. Jioni ile ile nikampelekea Bibi kikombe cha kwanza. Akakisukuma kurudi kwangu. Nikamrudishia. Akakisukuma tena, safari hii na fimbo ikahusika.

"Unatangulia wewe," Dada alinieleza. "Hapa anayepika ndiye anayekunywa kwanza, kikombe kizima, mbele ya anayepewa. Umemwona mpika pombe anavyoonja mbele ya wateja? Bibi ameupeleka utaratibu huo hadi kwenye uji. Na usikunje uso. Ukikunja, anamwaga."

Utaratibu huu ni mzuri kwa usalama wa taifa, ila una kasoro moja ya kitaalamu: unamfanya mpishi kuwa mwoga. Nikishika tangawizi ya ukubwa wa dole gumba, nalikumbuka koo langu mwenyewe, nakata nusu. Nikishika karafuu, nazirudisha. Siku zikapita, Bibi anakunywa, mimi natangulia natabasamu kama bwana harusi, na sauti haiji.

Jumamosi asubuhi Dada alichota kijiko kimoja akaonja. Akakirudisha kijiko taratibu.

"Ambo mdogo wangu, haya ni maji ya kuoshea tangawizi."

Nilitegemea matusi, kwa matusi tungeelewana. Lakini alikaa kwenye kigoda, akavuta kanga, akasema kwa sauti ndogo, "Leo wakiondoka mikono mitupu, imeisha. Unajua."

 Nikachukua kinu. Nilitwanga tangawizi yote iliyokuwa kwenye kikapu. Nikaweka karafuu, vitunguu saumu, pilipili manga, mchaichai wa ukingoni mwa shamba, nikafunika, nikatokosa mpaka paka akatoka jikoni mwenyewe bila kufukuzwa. Mwisho limao, ikapoa kidogo, asali.

Mshenga aliingia mchana, mzee mpole mwenye koti kubwa, akaketi karibu na Baba Mkubwa. Salamu zikaenda, zikarudi. Bibi kakaa kimya kama picha. Baba Mkubwa akakohoa kiungwana.

"Ndugu yetu, kama unavyomwona mama, hawezi kusema. Labda tuseme baada ya kuvuna kahawa..."

"Dawa kwanza!" nikaingia na sinia.

Nikapiga goti. Nikanywa kikombe kizima. Wadogo zangu, nimewahi kugongwa na bodaboda, na nasema wazi kwamba bodaboda ina huruma. Masikio yalifunguka. Niliona mababu. Lakini uso ulitulia, na nikatabasamu.

Bibi akanikagua, akaridhika, akanywa. Na kwa kuwa mgeni hapitwi na sufuria, mshenga akapewa. Baba Mkubwa, aliyeona mtoto wa juzi kanywa bila kutikisika, akajimiminia kikombe kilichojaa na kukimaliza kwa mkupuo ili aonyeshe uanaume.

Mshenga alisema "Aah" mara moja, kisha akawa anatafuta kitasa cha mlango kwa mikono. Baba Mkubwa alifungua mdomo aendelee na habari ya kahawa. Ikatoka hewa tu, kama tairi la baiskeli. Akajaribu tena. Machozi yakaanza kumshuka mashavuni, mistari miwili iliyonyooka.

Bibi akamtazama mwanawe. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti, akacheka kwa mkwaruzo, halafu kicheko kikapata sauti, nzito na ya kukwaruza, mpaka kuku wakakimbia uani.

"Mnaona?" akasema Bibi, na nyumba nzima ikasikia. "Hata baba yake mkubwa analia kwa furaha. Tumekubali. Mleteni huyo fundi."

Baba Mkubwa alipunga mikono yote miwili kukataa. Mshenga, ambaye macho yake yalikuwa yamefumba, akaipokea mikono ile na kumshukuru sana. Huko nyuma ya pazia Dada alipiga kigelegele ambacho nadhani kilivuka mpaka.

Nilistaafu shule zilipofunguliwa. Kiinua mgongo sikupata. Nilipata mchi, na sifa mbaya Mbebe, ambako mpaka sasa hakuna anayepokea hata maji mkononi mwangu nisipotangulia kuyanywa.

Juzi Dada alinipigia simu kutoka kwake. Shemeji kashikwa na mafua, na yeye, Mpika Dawa mstaafu mwenzangu, anataka kujua siku ile niliweka tangawizi kiasi gani.

"Weka kiasi unachoweza kunywa wewe huku unacheka," nilimwambia. "Halafu mkumbuke unayempikia, uongeze kipande."

Mara nikasikia mchi.