Makala ya Miti ya Chai

Saa kumi na mbili asubuhi, Bulengera, mjini Butembo. Kavuo Rébecca anageuza majani ya chai juu ya bati kwa vidole, haraka haraka, yasiungue. Chini, makala, yale makaa ya kupikia, yanawaka vizuri kupita siku zote.

"Mama Kavuo, nimekuletea makala ya nguvu kabisa!" Sifa, muuza makala, anajisifu. "Inatoka Mutwanga. Banasema ni miti ya chai ya zamani, ile mirefu mirefu."

Kavuo anaacha kugeuza. Majani yanaungua.

Kwao Mutwanga, miti hiyo ilikuwa kumi na moja. Wazungu waliipanda, wakaenda, ikarefuka mpaka ikapita nyumba. Babu yake alichuma juu ya ngazi, kisha mama yake, kisha yeye. Majani anayasokota kwa mikono, anayafunika na kitambaa chenye maji mpaka yanakuwa mekundu kama tofali.

"Ile ya mashamba mapya ni chai tu," anasema. "Ya kwetu, mutu akikunywa ananyamaza kwanza."

Miaka miwili iliyopita waasi waliingia. Alikimbia na watoto wanne na mifuko mitatu ya majani. Butembo mvua haiishi, kwa hiyo kila asubuhi anayakausha tena kabla ya kuwauzia chai watu wa moto, wale madereva wa pikipiki, kikombe franc mia mbili. Sasa umebakia nusu mfuko.

Kesho yake alipanda moto mpaka Mutwanga. Alimkuta shemeji yake, Mumbere, mweusi kwa vumbi la makala.

"Ulikata hata ile ya mama?"

"Shemeji, wewe ulikimbia, mimi njo nilibakia. Batoto bangu bakule maua?"

"Si ungenitumia hata neno?"

"Lakini, ungefanya nini? Ungekuja kuikamata na mikono?"

Kwenye visiki vitatu machipukizi yalikuwa yametoka, laini. Akiyachuma, watoto watakula wiki moja, na visiki vitakufa.

"Acha miaka ine, itarudia," Mumbere alisema.

"Nani atailinda? Wewe?"

Mumbere aliinama kufunga gunia lingine la makala.

Kavuo hakuchuma. Alizungushia visiki miiba, akarudi Bulengera. Gunia alilonunua kwa Sifa lilikuwa bado na makala, na hana pesa ya lingine. Majani ya mwisho anayakausha kwa moto wa miti yake mwenyewe.

"Mwezi ujao nitaenda tena kuangalia," anasema. "Nikikuta bile bisiki binaishi, nitaambia batoto tutarudia. Nikikuta bamechuma, basi, nitauzisha mandazi kama benzangu."