Msumari Uliobaki Mtupu

Nyumbani kwa mama, mtaani Kasungami, nyuma ya mlango wa sebule kuna msumari ambao hakuna anayeruhusiwa kuutundikia kofia. Baba aliupigilia mwenyewe mwaka alioacha kazi, kabla hata ya kuweka vioo madirishani. Mama hakulalamika, maana alijua ni wa nini.

Baba alikuwa mtu wa mgodi wa chini ya ardhi. Kila mfanyakazi alikuwa na jetoni yake, kisahani cha shaba kinachozidi kidogo kifuniko cha chupa ya bia, chenye tundu juu na namba katikati. Kabla ya kushuka unaitundika ubaoni. Ukipanda, unaichukua kwa mkono wako. Mwenzako hakuchukulii, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Zamu ikiisha na jetoni moja bado inaning'inia, basi kuna mtu hajatoka, na hakuna anayekwenda nyumbani. Kampuni ilipopunguza watu, baba alitakiwa kuirudisha yake. Akasema imepotea. Uongo huo alikwenda kuuungama kwa padri, na padri akampa sala za kusali, ila hakumwambia airudishe. Baba alimsifu padri yule mpaka mwisho wa maisha yake.

Alifariki kwa ugonjwa, kitandani, sisi sote tukiwepo. Miaka michache baadaye nikaanza kazi ya kuzamia, na mama akaitoa jetoni kwenye sanduku la nguo, alikoiweka tangu mazishi ya baba, akanipa bila maelezo mengi.

Watu wakisikia kuwa kuna mzamiaji Lubumbashi, hucheka na kuniuliza bahari iko wapi. Bahari hakuna. Kuna shimo la zamani la mawe ya chokaa, nje ya mji, ambalo lilijaa maji kabla sijaoa. Pampu zinavuta maji yake, na vichujio vya mabomba huziba kwa majani na matawi. Mimi ndiye ninayeshuka kuvisafisha, mtungi wa hewa mgongoni, kamba kiunoni. Mwenzangu anabaki ukingoni ameshika kamba. Ni mtu mnene, mpole, mwenyeji wa pale pale. Babu yake alilima mihogo karibu na shimo hilo. Nikivuta kamba mara moja, niko salama. Yeye akivuta mara tatu, nipande.

Siku za kushuka nilikuwa napita kwa mama asubuhi, natundika jetoni msumarini, naenda. Alasiri narudi, naichukua mbele yake, naye, akiniita papa, yaani baba, kama mama wa kwetu wanavyowaita wana wao, ananiuliza, "Umefika, papa?" Nami namjibu, "Nimefika, mama." Kati ya kutundika na kuchukua mama hali, halali, haendi popote, hata kwenye mkutano wa akina mama wa parokia. Anakaa anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Nilichoka. Mimi ni mtu wa hasira ndogondogo, na zile ndogondogo ndizo mbaya. Mwezi wa saba, baridi kali, mama alimpigia simu mwenzangu kumuuliza kama nimevaa sweta. Watu wa pampu wakasikia. Siku mbili nzima kila nikipita kulikuwa na mtu anayeniuliza kwa sauti nyembamba kama nimevaa sweta. Nina miaka arobaini na sita, watoto wangu wamenizidi urefu.

Jumanne iliyofuata sikupita Kasungami. Nilimpigia mama nikamwambia leo niko karakana, natengeneza pampu, sishuki. Akasema sawa. Kisha, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuiacha kabisa jetoni ya baba, nikaifunga kwa uzi kwenye kifundo cha mkono na kushuka nayo. Niliona hilo ni jambo la busara sana. Mimi, mtoto wa mgodini, niliyewaeleza watu wote pale shimoni sheria ya jetoni, niliichukua nikaingia nayo majini.

Kichujio kilikuwa kimebanwa na tawi. Nilivuta, nikavuta tena, uzi ukanasa na kukatika. Niliiona jetoni inageuka, ikameta mara mbili, ikazama kule chini kwenye giza. Nikaifuata. Nilifika kwenye ngazi ya mwamba, moja ya zile walizoacha wachimbaji wa zamani, nikaanza kupapasa tope. Tope la chokaa ni laini kama unga. Ukiligusa linapanda, na ndani ya dakika moja sikuuona hata mkono wangu. Kamba ikavutwa mara tatu. Nikajifanya sikusikia. Ikavutwa tena mara tatu, kwa nguvu. Nikaisogeza geji ya hewa karibu na miwani, nikaona mshale umekwisha kuingia kwenye nyekundu.

Hapo ndipo niliogopa, na nilichoogopa hasa nakisema wazi: nilikumbuka kwamba nyumbani hakuna anayejua kuwa niko chini. Msumari ulikuwa mtupu. Kwa sheria ya baba, mimi nilikuwa nje.

Nilipanda polepole kama inavyotakiwa. Mwenzangu alinivuta ukingoni, akanisaidia kuvua mtungi, akaikunja kamba yote.

Alasiri nilipita kwa mama, sijui kwa nini. Nilimkuta amekaa barazani, uso umepumzika, alama ya mkeka bado ipo shavuni.

"Leo nililalaka muchana, papa," aliniambia. "Nilijua hauko mu mayi."

Tangu nianze kazi ile hakuwahi kulala mchana siku ya kazi. Alinimiminia chai, nikaishika mpaka ikapoa. Hakuniuliza kama nimefika, kwani kwake sikuwa nimekwenda majini.

Siku zilizofuata nilikuwa mkali kwa kila mtu. Mwenzangu ndiye aliyenikalisha chini, nikamweleza yote. Alisema jetoni tunaweza kuitafuta, lakini si kabla ya kumwambia mama; mficha uchi hazai, na yeye hatashika tena kamba ya mtu ambaye mama yake amedanganywa. Jumapili, baada ya misa, nikamwambia mama.

Hakupaza sauti. Aliendelea na maharage yake. Aliniuliza iliangukia wapi, kina gani, nani alishika kamba, na kama alivuta. Nikasema alivuta, na nikatii wito wa pili. Akasukuma ungo kando, akasema kesho atakuja shimoni. Nikamweleza kuwa kule si mahali pa kina mama, kuna vumbi na upepo. Akaniuliza kama nimemaliza kusema.

Jumatatu alifika na blanketi na kiti chake cha plastiki, akakaa ukingoni, akanyoosha mkono. Mwenzangu akanitazama mimi, akamtazama yeye, akampa kamba. Alimfundisha: moja salama, tatu kupanda. Mwenzangu naye akaishika kamba nyuma ya kiti, endapo itahitajika nguvu. Mama alikuwa na rozari mkono wa kushoto na mimi mkono wa kulia. Wale wa sweta wakamsalimia kwa heshima.

Mwenzangu alikuwa amekata kisahani kingine kutoka kwenye bamba kuukuu la shaba, ukubwa ule ule, tukakifunga utepe mwekundu. Wazo lilikuwa lake: kitakakokwenda hiki, na kile kilikwenda huko. Nilishuka mpaka kwenye kichujio, nikakiachia pale pale uzi ulipokatikia. Nilidhani kitaanguka wima. Hakikuanguka wima. Kiliyumba huku na huku kama jani kavu, kikateleza upande wa ukuta, kikapita ile ngazi niliyoipapasa Jumanne na kutua kwenye ngazi ya chini yake. Ile Jumanne hewa yangu yote niliimalizia mahali ambapo jetoni haikuwepo.

Nikalala kifudifudi juu ya tope bila kupiga mapezi ya miguuni, nikatembeza ncha za vidole tu. Kwanza nikapata spana niliyoipoteza mwaka jana na kumsingizia mtu. Nikaendelea. Karibu na utepe, umbali wa mkono mmoja, kidole kikagusa ukingo wa mviringo, kisha tundu. Nikaisugua kwa gumba nikaiona namba ya baba.

Nikavuta kamba mara moja. Jibu likaja mara moja, taratibu, si mkono wa mwenzangu. Nimeshikwa mkono na mama yangu kuvuka barabara nyingi utotoni, na nikaujua. Nikalia ndani ya miwani, jambo ambalo mzamiaji hashauriwi kulifanya.

Nilipotoka nilimpa jetoni. Akaifunga kwenye pindo la kitenge bila kuitazama, akamshukuru mwenzangu, akaomba arudishwe nyumbani. Njia nzima alisali rozari yake. Nilijua nimesamehewa au sijasamehewa, lakini lipi kati ya hayo mawili sikujua.

Kasungami, sebuleni, alilifungua pindo la kitenge, akaniwekea jetoni kiganjani, akauelekeza mkono wake msumarini.

"Ile siku haukuingia, na haukutoka," alisema. "Weka. Toka inje. Halafu ukuye kuikamata."

Niliitundika. Nikatoka mpaka getini, nguo bado mbichi, jirani akanisalimia akaniuliza nimesahau nini. Nikasema nimesahau kitu kidogo. Nikasimama kidogo pale kwenye baridi, kisha nikarudi, nikapita mlangoni, nikanyoosha mkono na kuichukua. Mama alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayehakikisha kuwa hakuna kilichopungua.

"Umefika, papa?"

"Nimefika, mama."

Akaenda jikoni kuinjika maji ya kusongea bukari.